Si chai iliyoua Bhopal

Juzi tena. Mafunzo ya siku mbili ya usalama viwandani, ukumbi wa hoteli, feni inapiga kelele kuliko mimi, na slaidi ya tatu inaonyesha tanki lenye kutu limelala kwenye majani. Sijafungua hata mdomo, bwana mmoja wa uzalishaji aliyekaa mbele akawageukia wenzake: "Hii ndiyo ile ya India. Gesi inavuja, jamaa wanakunywa chai!" Ukumbi mzima ukacheka.

Mzaha huo nimeusikia Tanga, nimeusikia Mwanza, nimeusikia hata kwa mkaguzi, mtu anayelipwa ili ajue zaidi ya hapo. Naandika leo ili mwingine akiurudia nimtumie hii, niokoe koo langu.

Chai ilikuwepo, sikatai. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1984, katika kitengo cha MIC (methili isosianeti, kemikali yenye sumu kali ya kutengenezea viuatilifu) cha kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide mjini Bhopal, macho ya wafanyakazi yalianza kuwasha kama saa 5:30. Wakatafuta, wakakuta pamevuja, wakamwarifu msimamizi, ikaonekana lishughulikiwe baada ya chai. Chai ikaisha kama saa 6:40. Muda si mrefu geji ya shinikizo ya tanki namba 610 ilikuwa imegota mwisho wa kipimo chake, zege lililolifunika tanki linapasuka, na kabla hakujapambazuka tani kama 40 za MIC zilikuwa zimeshuka juu ya mji uliolala. Serikali ya Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Wanaharakati wanataja hesabu kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Waliodhurika ni zaidi ya nusu milioni.

Sasa njoo usimame mbele ya hiyo geji, badala ya kucheka ukiwa ukumbini. Saa 4:20 usiku inasoma psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo). Saa 4:45 shifti inabadilishana. Saa 5 inasoma 10. Wewe ndiyo kwanza umeingia, ile 2 hukuiona, na kiwango ulichofundishwa kuwa cha kawaida kwa tanki hilo ni kati ya 2 na 25. Utashtukia nini? Kumi ni namba njema kabisa. Anayesema "mimi ningejua" ameshasoma mwisho wa hadithi.

Macho nayo? Pale kuwashwa macho ndiyo iliyokuwa ditekta. Kuvuja kidogo kidogo kulikuwa jambo la kila mara, na watu walizoea kuitafuta gesi kwa machozi yao. Mtu aliyelia mara ishirini bila kutokea kitu, mara ya ishirini na moja anakunywa chai yake kwanza. Mimi pia ningekunywa. Uzembe huo haukutoka nyumbani kwa mtu, ulifundishwa palepale kiwandani, siku baada ya siku, na mshahara ukalipwa juu yake.

Kuhusu maji nitakwenda haraka, maana watu wameyagombania miaka arobaini. Maji yaliingia tankini, hilo halina ubishi. Kitabu kitakwambia walikuwa wanaosha mabomba bila kuweka blaindi, kile kisahani cha chuma cha kuziba bomba, maji yakapita kwenye valvu zinazovuja mpaka 610. Kampuni ikasema la, ni mfanyakazi mwenye kinyongo aliyechomeka mpira wa maji kwa makusudi. Washauri wake wa kampuni ya Arthur D. Little walilitetea hilo mwaka 1988. Mimi hufundisha ile ya kwanza. Lakini nikiwa na kalamu na mchoro wa mabomba, nikaanza kuhesabu valvu ambazo maji yalipaswa kuzishinda, imani yangu hushuka kidogo, na hilo silisemi ukumbini kwa sababu nusu ya ukumbi itaondoka na neno "hujuma" tu.

Tuseme basi ilikuwa hujuma. Umepata nini? Kiwanda kimejaa maji, kila kona kuna mpira. Ndani ya tanki kuna tani zaidi ya 40 za kitu kinachochemka kwenye nyuzi 39, kikigusana na maji kinatoa joto, na kutu inalichochea. Kama usalama wa mji mzima unategemea pasitokee mtu mmoja mwenye hasira na mpira wa maji, huo usalama haukuwepo tangu asubuhi.

Hapa ndipo ninapokasirika, na naomba mnivumilie, kwa sababu safari hii wa kulaumiwa ni sisi wa sefti.

Sote tumefundishwa ule mfano wa jibini, wa mwanasaikolojia James Reason. Kila kinga ni kipande cha jibini chenye matundu, ajali inapita siku matundu yote yakijipanga mstari mmoja. (Kwetu jibini la matundu wengi tumeliona kwenye slaidi tu, lakini tunatingisha vichwa.) Mfano mzuri, nimeutumia miaka. Kwa Bhopal unapotosha. Unamwachia msikilizaji picha ya bahati mbaya: kitundu hiki kwa sababu yake, kile kwa sababu yake, eti siku moja vikakutana.

Tazama matundu yenyewe. Mtambo wa kupoozea tanki ulizimwa Juni 1984 na gesi yake ya kupoozea ikatolewa ikatumike kwingine. Skraba, ya kuosha gesi kwa kostiki soda kabla haijatoka, ilikuwa imewekwa akiba. Mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umetenganishwa, kipande cha bomba lake kimeliwa na kutu kinangoja kubadilishwa. Maji ya zimamoto yaliruka mita kama 15, gesi inatokea mita 33 juu. Watu wa shifti katika kitengo hicho walikuwa wamepunguzwa kutoka 12 hadi 6, na nafasi ya msimamizi wa matengenezo wa usiku imefutwa. Halafu kubwa kuliko yote, ambalo hata wenzangu wengi hawalijui: utengenezaji wa MIC ulikuwa umesimama tangu Oktoba. Lile tanki halikuwa likihudumia haraka yoyote. Lilikaa tu, limejaa.

Haya si matundu matano yaliyokutana kwa bahati. Mkono mmoja uliyatoboa yote, na mkono huo ulikuwa umeshika bajeti. Sevin, kiuatilifu cha kiwanda hicho, haikuuzika kama walivyotarajia, kiwanda kikala hasara, kila idara ikaambiwa ibane matumizi. Ukibana kila kinga kwa sababu ileile, zote zinadhoofika pamoja. Hesabu zetu za hatari, zile tunazozidisha uwezekano wa hiki mara uwezekano wa kile mpaka tunapata namba ndogo ya kupendeza, zinachukulia kwamba kinga hazijuani. Zinajuana sana. Zinakula kwenye sufuria moja.

Lingine tunalolificha: tunapenda kusema "kinga zingekuwa kazini, asingekufa mtu". Sina hakika hata kidogo. Skraba na mnara havikusanifiwa kupokea gesi nyingi kiasi kile kwa kasi ile. Vingepunguza, pengine, kisha vingezidiwa. Maji ya kuruka vizuri yangesaidia kiasi. Kinga pekee ninayoweza kuitetea kwa moyo mmoja ni mtambo wa kupoozea, kwa sababu MIC ikiwa karibu na nyuzi sifuri mmenyuko unakwenda polepole na unapata muda wa kufikiri. Hata hapo nasema muda. Sisemi wokovu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kiwandani si kama wana skraba. Nauliza: mnaweka kiasi gani, na kwa nini? Trevor Kletz, mkemia wa ICI huko Uingereza, alikuwa ameshalisema miaka kadhaa kabla ya Bhopal: usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Na Bhopal walikuwa na njia. Malighafi zilezile za kutengeneza karbarili, yaani hiyo Sevin, unaweza kuzikutanisha kwa mpangilio mwingine, naftholi ikutane na fosjini kwanza, methilamini ije mwisho, na hiyo MIC usiione kabisa. Fosjini nayo ni sumu, sijasema ni asali. Ila tanki 610 lisingekuwepo.

Sheria zilizofuata mtazikuta popote, nipite mbio. Ulaya walitangulia: walikuwa wameshang'atwa na sumu iliyovuja kiwandani karibu na Seveso, Italia, 1976, wakatoa direktivu (agizo la kisheria) ya 1982 inayomhesabu mwenye kiwanda kwa kiasi cha sumu anachohifadhi. India ikapata sheria ya mazingira 1986. Marekani, mwaka huohuo, ikaweka sheria ya jirani kuambiwa kuna nini nyuma ya ukuta. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoionea wivu. Usiku ule madaktari wa Bhopal walipokea watu wanaokohoa mapovu bila kuambiwa ni gesi gani, na watu walikimbia kuelekea kokote miguu ilikowapeleka, hakuna aliyewahi kuwaambia waloweshe kitambaa wafunike uso na wakatize upepo.

"Lakini Injinia, si watu ndio waliojenga karibu na kiwanda?" Huyu huwa hakosi. Mji mkongwe wa Bhopal na stesheni yake ya reli vilikuwepo kabla kiwanda hakijaanza kutengeneza MIC mwaka 1980. Vibanda vya ng'ambo ya barabara, kweli, vilisogea. Sasa aliyekuwa na karatasi inayosema kuna nini tankini ni nani, mwenye kibanda? Tuangalie Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, yadi ya gesi ya kupikia ilipolipuka katikati ya makazi. EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati, ikasema ilikataa maombi ya kibali cha ujenzi pale mara tatu mwaka 2023, mojawapo ya sababu ni wingi wa watu. NEMA, mamlaka ya mazingira, ofisi nyingine ya serikali ileile, ilikuwa imetoa leseni yake, kisha ikakiri haikutolewa ipasavyo na baadhi ya maofisa wakasimamishwa. Mpangaji wa chumba kimoja angesoma faili lipi kati ya hayo mawili?

Mahakamani napo, kwa wanaopenda kuuliza nani alifungwa: mwaka 2010 mahakama ya Bhopal iliwatia hatiani mameneja na wasimamizi wa Kihindi kwa uzembe, miaka miwili kila mmoja. Warren Anderson, aliyekuwa mkuu wa kampuni mama Marekani, hakuwahi kusimama mbele ya mahakama ile mpaka alipofariki 2014. Taka tani 337 zilizoachwa kiwandani ziliondoka Bhopal kwenda Pithampur kuchomwa Januari 2025. Watu wa Pithampur waliandamana. Ningekuwa jirani yao ningeandamana nao.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye chumba cha kompresa cha kiwanda kimoja cha samaki, ambacho sitakitaja. Mfumo ni wa amonia, mkubwa tu. Ditekta ukutani imevalishwa glovu ya mpira, imefungwa kwa ugwe, nadhifu kama mtoto wa kliniki. Nikamwamkia fundi, mzee wa watu, nikamuuliza.

"Marahaba, binti. Hiyo inalia usiku kucha. Sili ya kompresa namba mbili inavuja tangu mfungo. Nimeandika."

"Umeandika wapi, mzee wangu?"

Akanifungulia daftari. Ameandika kweli, kwa mwandiko wa shule za zamani: "sili k/2 inavuja, naomba spea". Mara kumi na moja. Pembeni, kila mara, kuna saini ya aliyesoma. Spea haikuja, ndipo ikaja glovu.

Niliporudi ofisini nikajaza fomu yetu ya ukaguzi. Ina visanduku vinne vya chanzo, na cha kwanza, chenye herufi kubwa kuliko vyote, ni KOSA LA BINADAMU. Kompyuta haikubali kutuma mpaka utie tiki kimojawapo. Vile vingine ni HITILAFU YA MTAMBO, HALI YA HEWA na MENGINEYO. Nikatia tiki kwenye MENGINEYO, nikabandika picha za kurasa zote kumi na moja, saini zinaonekana. Wiki iliyofuata fomu ikarudishwa: "Tafadhali chagua chanzo mahususi."

Sijabadilisha.