Forodhani Inaendeshwa na Mwezi, Upepo na Mvua

Mtu akiuliza aende lini Forodhani, bustani ya umma iliyo pwani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mzanzibari atamjibu, "Jioni." Jibu hilo ni sahihi ila ni fupi mno. Jioni ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ina watu wake na jioni ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, ina wake, jioni ya msimu wa upepo wa kaskazi haifanani na ya masika, na usiku wa Ramadhani ni habari nyingine kabisa. Sisi tunaoshughulikia uhifadhi wa Mji Mkongwe huulizwa mara kwa mara kwa nini shughuli moja ilikubaliwa na nyingine inayofanana nayo ikaombwa isogezwe mbele. Wapo wanaodhani kuna upendeleo. Mara nyingi sababu ni mwezi, maji au mvua, na ningependa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana bustani ni ya umma, na umma ukijua namna inavyofanya kazi utaitunza kuliko mlinzi yeyote.

Historia nitaipitia haraka. Kabla ya kuwa bustani, ukanda huu wa pwani ulikuwa na mabanda ya forodha, ambayo yaliondoka baada ya bandari kujengwa Malindi katika miaka ya 1920. Mwaka 1936, Sultan Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, eneo likawa bustani ya kuadhimisha jubilei hiyo. Ikapita enzi, yakaja Mapinduzi ya 1964, na miaka ikaichosha: ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, mitaro ikaziba, majani yakaisha. Mwaka 2008 ilifungwa ili ifanyiwe matengenezo makubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na Serikali, na ikafunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009. Ukuta ulitengenezwa, mitaro na taa zikawekwa upya, njia zikasakafiwa, na wachuuzi wakapangiwa eneo lao. Ramadhani ya mwaka ule iliingia wiki tatu baadaye, kwa hiyo kazi mpya ilipata mtihani wake mkubwa mapema sana.

Katika nchi za baridi, bustani za katikati ya mji hufuata jua. Kiangazi watu hujaa kusikiliza muziki, na siku zikiwa fupi na baridi kali bustani hubaki tupu au hugeuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Kwetu, digrii sita hivi kusini mwa ikweta, jua halina nguvu hiyo. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, tofauti ya nusu saa tu. Kwa hiyo anayetaka kuijua Forodhani inafaa atazame vitu vingine.

Aanze na maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku mbili tatu baadaye kujaa kwa jioni huangukia karibu na magharibi, na hapo ndipo vijana wa makachu, yaani mchezo wa kuruka baharini kutoka ukutani, wanapopata siku zao. Kijana huanzia mbali kwenye sakafu, hukimbia miguu mitupu katikati ya watu walioinua simu zao, hukanyaga ukingo wa ukuta mara moja tu na kuruka, hujipindua hewani mara mbili huku jua likiwa nyuma yake, kisha hupotea majini na kutokeza tena akicheka, tayari anatafuta ngazi ya kupandia.

Ni mchezo mzuri, na ni wa wenyewe. Ila una kanuni ambayo wenyeji wake wanaijua na mgeni haijui. Wiki moja baada ya bamvua huwa ni maji mafu, na wakati huo saa za alasiri ndizo saa za maji kupungua. Ukuta ni uleule, watu ni walewale, jua ni lilelile, lakini kina chini ya ukuta si kile cha wiki iliyopita, na chini kuna mawe. Mtoto wa darasa la nne aliyewaona kaka zake Jumamosi iliyopita anaweza kurudi Jumamosi hii na kuruka palepale. Mzazi mwenye simu anaweza kutazama jedwali la maji ya siku kwa dakika moja. Asiye na simu amuulize mvuvi yeyote.

Maji hayohayo ndiyo yanayoleta chakula. Bamvua ikijaa saa kumi, basi hupwa saa nne asubuhi, na miamba ya upande wa mashariki wa kisiwa hubaki wazi. Hapo wavuvi wa pweza, wengi wao kina mama, hutoka na vijiti vyao wakapekua mashimo. Pweza wa asubuhi hiyo hupita sokoni na jioni huwa kwenye meza za Forodhani, amekatwakatwa, anangoja moto na ndimu. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba siku hizi hufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa hiyo muuzaji akikuambia leo hakuna pweza, pengine anakupa habari njema.

Soko la usiku nadhani halihitaji kutambulishwa, ila nitaomba msomaji asimame kidogo kwa muuzaji wa pizza ya Zanzibar. Huchukua donge la unga lenye ukubwa wa ndimu, hulibandika kwenye meza iliyopakwa mafuta, hulivuta kwa viganja mpaka likawa jembamba la kuonyesha meza chini yake, huweka kipande kingine kidogo katikati, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, jibini, hupasua yai juu yake, hukunja pembe nne na kuiweka kwenye chuma chenye mafuta. Kazi yote haimalizi dakika tano. Sasa mtazame saa sita za usiku, anapofunga. Anabaki na mafuta machafu, jivu la mkaa lenye moto bado, maganda ya mayai na ndoo ya maji ya kuoshea. Jirani yake wa juisi ya miwa ana rundo la makapi, na wa urojo ana maji ya sufuria. Swali la vitu hivyo vinakwenda wapi ndilo linaloamua kama bustani itakuwepo kesho. Wengi wa wachuuzi ni waangalifu, na nawashukuru kwa dhati. Lakini mmoja akimwaga mafuta kwenye mtaro, yakipoa huganda na kushika mchanga, na mtaro huanza kufa polepole pasipo mtu kuona. Akimwaga jivu la moto kwenye shina la mti, huunguza mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi, ile inayokunywa maji.

Ramadhani hubadilisha kila kitu. Mchana bustani ni kimya, wazee wachache kivulini, paka wamelala chini ya meza tupu. Baada ya magharibi familia nyingi huwa nyumbani kwenye futari, na uhai hasa huanza baada ya tarawehe, watu wakitoka misikitini kwa makundi: baba na watoto, wasichana wa mtaa mmoja pamoja, vijana wanaosubiri daku. Wageni wa hoteli hula mapema, wenyeji huja usiku, na bustani hiyohiyo huhudumia makundi mawili kwa zamu bila mtu kuipanga. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe jambo hili ni kubwa. Nyumba zetu hazina uwanja, njia zetu zinapita watu wawili na vespa kwa taabu, na mtoto wa Kiponda au wa Shangani akitaka kukimbia hana pengine pa karibu. Kila pendekezo la kuweka kiingilio, au la kutenga sehemu ya mbele kwa ajili ya meza za mkahawa, lipimwe kwanza kwa mtoto huyo. Msimamo wangu hapa haujifichi: Forodhani ibaki bure, usiku na mchana.

Sikukuu ya Idi hutimia siku nne. Alasiri watoto wenye nguo mpya na fedha za sikukuu hujaa kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, kwenye bembea na vibanda vya vitu vya kuchezea, na jioni sehemu kubwa ya umati huteremka Forodhani. Hapa kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalioni. Idi el-Fitri huja mwezi unapoandama, na mwezi unapoandama ni bamvua. Maana yake, kila Idi el-Fitri, mwaka wowote, watoto wengi kuliko kawaida hukusanyika ukutani siku ambazo bahari imejaa kuliko kawaida, tena saa zilezile za alasiri. Idi el-Hajj huja tarehe kumi ya mwezi, karibu na maji mafu, na hali huwa tofauti kabisa.

Upepo nao una ratiba yake. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huleta joto na wageni wengi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wengi wao hufika Forodhani angalau usiku mmoja. Februari huja Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004, na muziki wa Ngome Kongwe huvuka barabara hadi bustanini. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huja na baridi kidogo, hewa kavu na Tamasha la Filamu, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Kipindi hicho, Juni hadi Septemba, ndicho ninachowashauri wenye shughuli kubwa za nje: ardhi ni kavu, mvua ni chache, na majani yamekwisha kupata nguvu baada ya masika.

Masika ndiyo nataka kuitetea. Machi hadi Mei bustani huonekana imekwisha, wageni wachache, viti vimelowa, wachuuzi wanajikunyata chini ya mwavuli. Wapo wanaosema wakati huo ndio wa kuweka matamasha ili pachangamke. Tafadhali, hapana. Udongo uliolowa ukikanyagwa na maelfu ya miguu, au ukipitiwa na gari la kubebea jukwaa, hushindiliwa. Vijitundu vyake vya hewa huzibana, mizizi hukosa pumzi, na maji ya mvua inayofuata hayazami tena, yanasimama juu. Mti mkubwa haufi mwaka huo. Hupunguza majani mwaka wa pili, hukausha matawi ya juu mwaka wa tatu, na unapoanguka hakuna anayekumbuka lile jukwaa la Aprili. Miti hii ndiyo kivuli cha mchana, na mwingine wa kimo chake huchukua miongo kuupata. Mti Mkubwa wa Mizingani, mwendo wa dakika chache kutoka hapa, ulipandwa mwaka 1911, na watu bado wanafanya kazi chini yake.

Masika ina shida ya pili, ya mitaro. Maji ya mvua ya bustani na ya barabara hupita mitaroni na kumwagika baharini. Bahari ikiwa imejaa kupita kiwango cha mdomo wa mtaro, maji hayana pa kwenda, hurudi. Bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, na Machi ndiyo masika inaingia. Mvua kubwa saa kumi alasiri siku ya bamvua itatuama hata mtaro ukiwa safi, na ikikuta umezibwa na mafuta na makapi ya miwa itakaa hadi kesho. Kwa hiyo usafishaji wa mitaro ukamilike Februari, wakati wauzaji wana kazi nyingi. Najua ni usumbufu kwao, lakini kusafisha Aprili ni kuchelewa.

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale linalotazamana na bustani, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili kupoteza maisha, uzio na kazi za ujenzi vimeupunguza mzunguko wa watu upande ule, na bustani imebeba umati ambao zamani ulitawanyika mbele ya jumba. Ni sababu nyingine ya kupanga kwa makini.

Na mipango sasa inapata mtihani mpya. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, na Ramadhani imekuwa ikirudi nyuma kutoka kusi, ikapita masika, na sasa inaingia kaskazi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, na mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzo wa Januari na mwisho wa Disemba. Miaka hii futari, tamasha na msimu mkuu wa wageni vitagombea jioni zilezile. Idi ya 2027 itakuwa karibu na tarehe 10 Machi: mwezi umeandama, bamvua ni kubwa, na masika iko mlangoni. Siku hizo nne panahitajika watu wazima wa kusimama ukutani kuanzia saa tisa hadi magharibi, wanaojua kuogelea, na mitaro iwe imeshasafishwa. Kamati za mitaa, walimu wa madrasa na vijana wenyewe wa makachu wanaotaka kusaidia wajitokeze kabla ya Shaabani, ili zamu zigawanywe kwa majina.