Je, wajua? Jua halijazidi, mbona maji ya mwani yanachoma

Maji ya bamvua yanapokupwa saa nne asubuhi huko Paje na Jambiani, Unguja, wakulima wa mwani huwa tayari wameinama shambani. Msimu wa kaskazi, maji machache yaliyobaki ndani ya mwamba hupata moto hadi ukayahisi miguuni. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauyawezi. Matawi yake hugeuka meupe, hulegea, kisha hukatika na kuacha kamba tupu kati ya vigingi. Spinosum, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ya chini. Maradhi nayo yana mkono wake, lakini ukiuliza sababu utajibiwa upesi: siku hizi jua limezidi.

Halijazidi. Setilaiti zinapima nguvu ya jua tangu 1978. Hupanda na kushuka kidogo kwa mzunguko wa miaka kama 11, basi. Tena, lau jua ndilo lingekuwa chanzo, anga lote lingepata joto, la chini na la juu. Vipimo vinasema vingine: hewa ya chini inazidi joto, na tabaka la juu, kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, linapoa. Hiyo ni alama ya gesijoto, ambazo hunasa joto huku chini na kulitoa nje kule juu kwenye hewa nyembamba.

Nchi kavu na bahari hupokea mwanga wa jua, kisha hurudisha joto lisiloonekana kwa macho. Naitrojeni na oksijeni, asilimia 99 ya hewa kavu, hulipisha tu. Hewa ukaa, methani na mvuke wa maji, ndizo hizo gesijoto, hulikamata. Anayelala Unguja anaijua kazi hiyo bila maabara: usiku wa kipupwe mbingu ikiwa wazi, alfajiri bati linachuruzika umande, mawingu yakitanda, unaamka na jasho. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi kwenye mitungi ya kioo akaiweka juani, na wenye hewa ukaa ukapata moto kuliko mingine. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alipima London jinsi gesi hizo zinavyonasa joto. Kwa hiyo jambo hili si uzushi wa juzi.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama 280. Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa 315 hivi. Leo imepita 420.

Nani kaiongeza? Hapa ndipo panaponoga. Mkaa wa jikoni kwako umetoka kwenye mti uliokuwa hai juzi tu, kwa hiyo bado una kaboni-14, aina ya kaboni inayooza polepole na kupungua nusu kila miaka 5,730 hivi. Makaa ya mawe na petroli vimekaa ardhini mamilioni ya miaka. Kaboni-14 yake imekwisha. Ukivichoma kwa wingi, hewa ukaa yake isiyo na kaboni-14 huchanganyika na iliyopo angani, sehemu ya kaboni hiyo inapungua, na mwaka 1955 Hans Suess aliona upungufu huo kwenye mbao za miti. Isingizie volkano? Haitoi hata asilimia moja ya kile wanachotoa binadamu kwa mwaka. Isitoshe, oksijeni angani inapungua kidogo kidogo, jambo linaloendana na kuchoma, maana moto hula oksijeni. (Tusiogope, ya kuvuta bado ipo tele.)

Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililonaswa limeingia baharini. Bahari inapoanza msimu ikiwa tayari na joto la ziada, siku chache za jua kali wakati wa maji kupwa zinatosha kuua kotonii. Ndiyo maana wapo wanaohamisha mashamba kwenye kina kirefu, kusikopata moto upesi. Lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi wa mwani ni akina mama ambao hawakufundishwa kuogelea utotoni.