Chura Bustanini: Maelezo kwa Wenye Bustani za Mboga Mbeya na Iringa

Mvua za Novemba zinapoanza katika Nyanda za Juu Kusini, maofisa ugani hupokea swali moja kwa namna nyingi: dawa ya kuua vyura inapatikana wapi? Msimu huu swali limeongezeka, na baadhi ya wananchi wamechukua hatua kabla hata ya kuuliza. Wapo waliomwaga oili chafu kwenye madimbwi, wapo waliopulizia matuta ya chainizi kiuatilifu walichonunua kwa ajili ya nyanya, na wapo ambao huona kumwagia chura chumvi ni jambo la kawaida. Tunaamini waliofanya hivyo walikusudia kulinda mboga zao. Hata hivyo, chura si kisumbufu cha mimea. Hali jani, hali mzizi, hali mbegu, na anapokutwa chini ya kabichi iliyotobolewa, yeye ndiye aliyekuja kumtafuta mtoboaji.

Chura tunayemzungumzia hapa ni yule mnene wa nchi kavu, mwenye ngozi ya vipele, anayekwenda kwa mirukio mifupi, na ambaye dume lake hukoroma kando ya maji usiku wa mvua. Mchana hujificha mahali penye kivuli na unyevu. Giza likiingia hutoka, huketi kimya, na kusubiri kitu kitikisike mbele yake. Haoni chakula kisichosogea, ndiyo maana hana habari na mboga. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, si nyuma, kwa hiyo hufyatuka na kurudi na mdudu kabla mtazamaji hajatambua kilichotokea.

Faida yake hutokana zaidi na saa na mahali anapofanya kazi. Sota, wanaokata miche ya kabichi na nyanya usawa wa ardhi siku chache baada ya kuhamishwa kitaluni, hujificha udongoni mchana na kutoka usiku. Koa, ambao katika maeneo ya baridi na unyevu kama Tukuyu na Njombe huacha mchicha ukiwa na mishipa tu, nao hutoka usiku. Chenene vilevile. Mkulima aliyelala hawaoni, na dawa anayopulizia saa nne asubuhi mara nyingi huangukia majani ambayo wahusika wameshayaacha. Chura huwakuta wote hao chini, wakitembea, katika saa zao. Pamoja nao hula mbawakawa, mende, mchwa na siafu, na akishiba hurudi mafichoni bila kudai chochote.

Tusimpambe kuliko anavyostahili. Kiwavi wa kantangaze aliye ndani ya jani la nyanya hamfikii. Vidukari na utitiri ni wadogo mno kwake na hukaa juu ya mmea, na ugonjwa wa bakajani chelewa la viazi mviringo haumhusu kabisa. Aidha hachagui: buibui na wadudu wengine rafiki huenda njia ileile, na mwenye mizinga ya nyuki iliyowekwa chini atamkuta ameketi mlangoni jioni akiokota nyuki mmoja mmoja. Mizinga iinuliwe. Kwa hiyo kubadilisha mazao, kutoa magugu na kukagua majani kila siku kunaendelea kama kawaida, chura awepo au asiwepo.

Kumkaribisha ni jambo dogo. Chungu kilichopasuka kikilazwa ubavu na kuzikwa nusu kwenye udongo laini, mdomo ukielekea upande usiopigwa na jua, kinatosha kuwa nyumba. Kipande cha gogo au rundo la mawe chini ya mgomba hufanya kazi hiyohiyo. Karibu yake liwekwe beseni la kina kifupi, lizamishwe hadi ukingo wake uwe sawa na ardhi, na ndani yake liwe na mawe ya kupandia ili anayeingia aweze kutoka. Chura hanywi kwa mdomo; hulalia maji na kuyafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Maji ya bomba yaachwe wazi usiku mmoja kabla ya kutumika, na yabadilishwe mara mbili kwa wiki ili mbu wasipate muda wa kukua humo. Mashimo ya maji na ndoo zilizofukiwa ziwekewe kijiti cha kupandia, maana vyura wengi hufia humo.

Ngozi hiyohiyo inayofyonza maji hufyonza pia kila kilichomo ndani ya maji, na kutoka hapo tunafika kwenye chanzo cha madhara mengi. Chumvi humkausha akiwa hai. Punje za mbolea za chumvichumvi, kama urea na CAN, zikimwagwa juu juu bila kufukiwa humuunguza anapozikanyaga; wataalamu wamekuwa wakielekeza zifukiwe kwa sababu nyingine kabisa, na hii iongezwe. Viuatilifu humwathiri kwa kumgusa, na zaidi humwathiri kupitia wadudu waliokufa nusu ambao yeye, kwa kuwa bado wanatikisika, huwameza. Bustani inayopuliziwa kila wiki kwa mazoea haitakuwa na chura hata ikiwekewa vyungu kumi.

Ni lazima tueleze utaratibu wa viuatilifu kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo wananchi hujiingiza kwenye makosa bila kujua. Kiuatilifu chochote kinachouzwa nchini hutakiwa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo wengi huiita TPHPA, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020. Usajili huambatana na mazao na visumbufu vilivyotajwa kwenye kibandiko, na matumizi nje ya maelezo hayo si ubunifu, ni matumizi yasiyoruhusiwa. Muuzaji naye anatakiwa kuwa na kibali, na mnunuzi aombe kukiona. Kibandiko kiwe na maelezo ya Kiswahili, namba ya usajili, kiambata amilifu (yaani kemikali inayofanya kazi), tarehe ya kwisha muda, rangi ya kiwango cha sumu na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuuzwa kwa kifuniko haina hata kimoja kati ya hivyo, na haijalishi kwamba muuzaji ni jirani au kwamba bei ni nafuu. Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa la jinai, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa au kupewa adhabu zote mbili. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia na kutumika shambani, kisha chombo kitobolewe ili asipatikane mtu wa kukitumia kuhifadhia mafuta ya kula. Kisioshwe mtoni. Tunarudia: kisioshwe mtoni.

Kuhusu imani zinazomzunguka chura, tutakuwa wafupi. Chura haambukizi chunjua. Chunjua husababishwa na virusi vya binadamu na huambukizwa na binadamu. Maji anayoyatoa anaposhikwa si sumu bali ni akiba yake ya maji. Sumu anayo kweli, kwenye matezi mawili yaliyovimba nyuma ya macho, na humdhuru anayemng'ata: mbwa akimshika mdomoni atatokwa na povu na anapaswa kuoshwa mdomo kwa maji mengi, akizidiwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtu aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Ama kuhusu chura aliyeingia sebuleni usiku na kudhaniwa kuwa ametumwa, ofisi za kilimo hazina utaratibu wa kushughulikia suala hilo. Taa iliyowaka huvuta wadudu, na wadudu humvuta yeye. Afagiliwe nje taratibu, mlango ufungwe.

Hoja kwamba chura huvuta nyoka nyumbani ina ukweli ndani yake na haipaswi kupuuzwa. Wapo nyoka wanaokula vyura, na baadhi yao wana sumu. Hata hivyo, kinachomkalisha nyoka karibu na nyumba ni nyasi ndefu, marundo ya matofali na panya wa ghalani. Chungu cha chura kiwekwe mwisho wa bustani, si penye njia ya watoto, na nyasi zifyekwe. Aliyeumwa na nyoka apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kufungwa kamba wala kuchanjwa chale.

Tangu habari za faida ya chura zianze kusikika, wapo wanaotaka kuletewa vyura, na tumesikia hata bei zikitajwa. Jambo hili halikubaliki. Kukamata, kusafirisha au kuuza wanyamapori bila kibali kunagongana na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na wale vyura wadogo wa misitu ya milimani wanaozaa watoto hai wamo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambako ulinzi ni mkali zaidi. Sababu ya kitaalamu ni nzito kuliko sheria yenyewe. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi kwenye takriban hekta mbili tu zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Kisha mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukakutwa kati yao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama za Marekani, na alianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Kuvu hilo husafiri kwa maji, matope na vyura wanaohamishwa. Madhara huweza kwenda upande wa pili pia: chura wa nchi kavu wa mashariki na kusini mwa Afrika alipelekwa Morisi mwaka 1922 ili ale mbawakawa wa miwa, akaenea kisiwa kizima. Chura wa Mafinga abaki Mafinga. Wa kwako atakuja mwenyewe.

Vilevile beseni ni beseni. Anayepanga kuchepusha kijito ili atengeneze bwawa la vyura, na wapo, ajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde husika: Rufiji iliyoko Iringa, Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya, au Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, wakumbuke pia mita 60 kutoka kingo za mto, zilizowekwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Chura si kinga ya kisheria kwa aliyelima ndani ya mita hizo.

Kati ya Juni na Agosti, baridi na ukavu vinapozidi, chura huzama kwenye udongo laini au mboji na kutulia hadi mvua. Asionekane, isidhaniwe amehama. Matuta yageuzwe kwa uma badala ya jembe pale inapowezekana, na marundo ya majani makavu yachambuliwe kwa mkono kabla ya kuchomwa.

Anayeshuku kwamba kiuatilifu kisichosajiliwa kinauzwa katika eneo lake, au anayekuta vyura na samaki wamekufa kwa wingi kwenye kijito, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa ofisa ugani wa kata, naye ataifikisha halmashauri. Taarifa iwe na mahali, tarehe, stakabadhi ya ununuzi na chombo chenyewe kikiwa kimefungwa kwenye mfuko, bila kusuuzwa, kwa kuwa katika hali hii pekee mabaki ya dawa ndiyo ushahidi. Picha ya chura aliyekufa peke yake haitoshi kumfikisha muuzaji mahali popote.