Alkeni ni nini? Kifungo maradufu, kuanzia ndizi za kuvundika hadi kamba za wavuvi

Ndizi zinazoshuka melini Mwanza kutoka Bukoba zikiwa bichi, mchuuzi huzifungia ndani na kuzifunika gunia au blanketi, na baada ya siku chache zimeiva. Kazi hiyo inafanywa na gesi ambayo ndizi zenyewe huitoa, iitwayo etheni. Zikifunikwa, gesi haipotei hewani. Inajikusanya na kuziharakisha zilizobaki. Etheni ndiyo alkeni ndogo kuliko zote, na anayeielewa vizuri ameshapata ufunguo wa kundi zima.

Alkeni ni haidrokaboni, yaani imeundwa kwa kaboni na haidrojeni tu, lakini lazima iwe na kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Zenye kifungo kimoja cha namna hiyo, na ambazo hazijafunga duara, hufuata kanuni ya CnH2n: etheni C2H4, propeni C3H6, buteni C4H8. Ethani, ya kundi la alkani (haidrokaboni ambazo kaboni zake zimeshikana kwa kifungo kimoja kimoja tu), ni C2H6. Etheni na ethani zinapishana haidrojeni mbili tu, ila kwa tabia ziko mbali sana.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha nne hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Vifungo viwili vilivyo ndani ya kifungo maradufu havilingani. Cha kwanza, sigma, elektroni zake ziko katikati ya kaboni mbili, na kimeshika barabara. Cha pili, pai, elektroni zake zimetanda juu na chini ya molekuli, hivyo ni rahisi kufikiwa na kitu kingine. Tazama namba: kuvunja kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni kunahitaji kilojuli zipatazo 347 kwa moli. Kama viwili vingelingana, tungetarajia 694, lakini kifungo maradufu kinahitaji kama 612. Pai ni dhaifu kuliko sigma, na udhaifu huo ndio unaoipa alkeni uchangamfu wake wote.

Pai pia huzuia kaboni hizo mbili kuzunguka. Atomi zote sita za etheni zimelala kwenye bapa moja, zikiwa na pembe za karibu nyuzi 120. Ndiyo maana but-2-eni, yaani buteni yenye kifungo maradufu katikati, iko ya namna mbili: yenye vikundi vya methili (CH3) upande mmoja huchemka karibu nyuzi 4 za selsiasi, na yenye vikundi hivyo pande tofauti huchemka karibu nyuzi 1. Atomi ni zilezile, mpangilio ndio tofauti.

Mimenyuko mingi ya alkeni ina mwendo mmoja: pai inafunguka, kitu kipya kinaingia kila upande. Pitisha etheni kwenye maji ya bromini, na rangi yake ya machungwa itapotea palepale, bila kuhitaji mwanga wala joto. Ethani ukiifanyia hivyo gizani, rangi inabaki. Ni jaribio rahisi, na nalipenda kwa sababu kifungo kisichoonekana kinajitambulisha kwa macho. Haidrojeni huingia kwa msaada wa nikeli na kutoa alkani. Mvuke wa maji, kwenye nyuzi kama 300, mgandamizo mkubwa na asidi ya fosfori, hugeuza etheni kuwa ethanoli. Propeni ikikutana na haidrojeni bromidi, haidrojeni huenda kwenye kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Mrusi Vladimir Markovnikov ndiye aliyeieleza kanuni hiyo karne ya 19.

Sasa tuje kwenye polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoungana. Fikiria watu wawili wawili walioshikana mikono yote miwili. Kila mmoja akiachia mkono mmoja na kumshika jirani, mnapata mstari mrefu usio na mwisho wa wazi. Etheni hufanya hivyo, maelfu kwa maelfu, na kuzaa polietheni. Mwaka 1933 huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakiigandamiza etheni kwa nguvu kubwa sana, wakakuta kitu cheupe kama nta ambacho hawakukitarajia. Baadaye Karl Ziegler na Giulio Natta waligundua vichocheo vinavyofanya kazi hiyo bila mgandamizo mkubwa na kupanga minyororo vizuri, vikaleta polipropeni imara. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Jambo ambalo ningetaka kila mtu wa kandokando ya ziwa alijue ni hili: polima ya alkeni si alkeni tena. Kile kifungo cha pai kimetumika kuunganisha mnyororo. Kilichobaki ni alkani ndefu mno, isiyoshikwa kirahisi na maji, asidi wala bakteria. Jua ndilo huikatakata polepole, na vipande hubaki plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, na plastiki ikathibitishwa matumboni mwa asilimia 20 ya kila aina, polietheni ikiwemo. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hatua ninayoiunga mkono kabisa, lakini mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni polipropeni. Ikitupwa ziwani haiozi.

Anayekusanya kamba na nyavu chakavu kwa ajili ya kuziyeyusha anaweza kuzitenganisha kwa ndoo ya maji. Kata kipande, kibonyeze chini mpaka mapovu yaishe, kisha kiachie. Polietheni na polipropeni huelea, kwa kuwa uzito wake ni kati ya gramu 0.90 na 0.97 kwa sentimita ya ujazo. Nailoni ya nyavu, ambayo haitokani na alkeni, ina kama 1.14 na huzama. PVC ya mabomba nayo huzama ingawa mama yake ni etheni yenye klorini, kwa sababu klorini ni nzito. Usiziyeyushe pamoja: polietheni huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 135, nailoni hupita 200, na PVC ikipata joto hilo hutoa gesi kali ya asidi.