Kabla ya Kufomati: Kutafuta Hitilafu ya Mtandao na Diski kwenye Linux

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwenye kitengo chetu cha TEHAMA jijini Mwanza, kutoka shule, zahanati na ofisi ndogo za Nyamagana, Ilemela na hata Ukerewe, huja na maelezo mafupi kwamba mtandao umekufa au diski imekufa, na mara nyingi mwenyewe ameshaambiwa mtaani kuwa dawa ni kufomati na kuweka mfumo upya. Kwa anayetumia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, ushauri huo huwa wa hasara, kwa sababu mfumo huu huandika karibu kila kinachotokea ndani yake, na kwa sababu hitilafu mara nyingi huonekana upande mmoja ilhali chanzo chake kiko upande mwingine.

Mfano ulio bayana ni wa seva ndogo iliyoongezewa diski ya NVMe (diski ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama) kisha ikapoteza mtandao. Linux za sasa huipa kadi ya mtandao jina linalotokana na nafasi yake kwenye bodi mama, kwa hiyo kadi iliyokuwa ikiitwa enp2s0 inaweza kuamka ikiitwa enp3s0, kwa sababu tu diski mpya imeingia kwenye njia ya PCI, inayounganisha vifaa na bodi mama, na kusogeza hesabu ya vifaa vingine. Faili la mipangilio, liwe la Netplan (programu ya kupanga mtandao) kwenye Ubuntu au /etc/network/interfaces kwenye Debian, ambazo ni aina mbili za Linux, bado linataja jina la zamani. Hivyo kadi ni nzima, waya ni mzima, ruta ni nzima, na mawasiliano hayapo. Anayeanza kwa kununua waya mpya atapoteza fedha zake bure. Anayeandika amri ya ip link kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ataliona jina jipya kwenye skrini, na kazi inayobaki ni kusahihisha neno moja au, kwa maoni yangu bora zaidi, kuandika mipangilio inayoitambua kadi kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe.

Uchunguzi wa mtandao huanzia chini kupanda juu, na kila hatua ipate jibu kabla ya kwenda nyingine. Amri ya ip link ikionyesha NO-CARRIER, tatizo liko kwenye waya, tundu la ukutani au swichi, na hakuna mpangilio wa ndani utakaolitibu. Kadi ya Wi-Fi isipoonekana kabisa, soma ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo) kwa sudo dmesg, kwa kuwa kadi nyingi huhitaji faili la fimwea, programu ndogo ya kuendesha kifaa chenyewe, ambalo halipo kwenye mfumo. Visakinishi rasmi vya Debian vilianza kubeba faili hizo katika toleo la 12, la Juni 2023, na flashi za matoleo ya zamani bado zinazunguka mitaani. Wakati huo simu ya kawaida hutosha kujikwamua: ichomeke kwa waya wa USB, ruhusu igawe bando lake kwa njia hiyo, na kompyuta itaiona kama kadi ya mtandao.

Kadi ikishatambuliwa, ip addr huonyesha kama ruta imegawa anwani, na ip route huonyesha kama upo mstari unaoanza na default, ambao bila huo kompyuta haijui mlango wa kutokea. Baada ya hapo pima ruta kwa ping, amri inayouliza kifaa kingine kama kinajibu, kisha pima 1.1.1.1, anwani iliyo kwenye intaneti, kisha jina kama debian.org. Namba ikijibu na jina lisijibu, intaneti ipo ila huduma ya DNS, inayogeuza majina kuwa namba za anwani, imekwama; tazama resolvectl status kwenye Ubuntu au faili la /etc/resolv.conf kwenye Debian. Zipo taasisi zinazozuia ping kwa makusudi, hivyo ukimya wake peke yake si ushahidi wa kutosha.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya hata mafundi wazoefu, nacho ni saa. Kompyuta ya mtumba ambayo betri ya bodi mama imekwisha husahau tarehe kila umeme unapokatika, na tarehe ikiwa ya nyuma, kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, na apt, amri ya kusakinisha na kusasisha programu, hulalamika kwamba faili la Release (lenye tarehe ya orodha ya programu) halijaanza kutumika. Mtumiaji huona mtandao umeharibika, ilhali ping inajibu vizuri. Kwa kawaida mfumo hujirekebisha saa kupitia intaneti, lakini pale ambapo ukuta wa usalama wa ofisi umefunga mlango wa UDP 123, unaopitisha ujumbe wa saa, mfumo hauwezi kufanya hivyo. Andika timedatectl uhakiki. Wanaotumia Windows na Linux kwenye mashine moja wataona tofauti ya saa tatu kamili: Windows huandika saa ya Afrika Mashariki kwenye bodi, Linux huichukulia kuwa ni UTC, saa ya kimataifa ya marejeo.

Kwa upande wa diski, faili linaloleta mashaka mengi kuliko yote ni /etc/fstab, linaloorodhesha diski za kuunganishwa wakati kompyuta inawaka. Mtu akiongeza humo diski ya nje ya kuhifadhia nakala, kisha siku moja akaichomoa, mfumo utaisubiri kwa sekunde 90, utakata tamaa na kuingia katika hali ya dharura yenye maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, bila mtandao wala sura ya kawaida. Hapo ndipo diski kuu isiyo na kosa lolote hufomatiwa. Andika journalctl -xb usome ni kifaa gani kilichosubiriwa, kisha weka alama ya # mbele ya mstari wake na uwashe upya. Ili kisa hicho kisijirudie, itaje diski kwa UUID, namba ya utambulisho inayopewa diski inapofomatiwa, inayotolewa na amri ya blkid, kwa kuwa majina kama /dev/sdb hubadilika kulingana na kifaa kilichotangulia kutambuliwa, na uongeze neno nofail kwa kila diski isiyo ya lazima, ili mfumo uwake hata isipokuwepo. Amri ya findmnt --verify hukagua faili hilo kabla hujazima mashine. Ni ajabu jinsi inavyotumiwa na watu wachache. Kumbuka pia kwamba kufomati diski huibadilishia UUID.

Diski iliyojaa ni jambo jepesi zaidi: df -h huonyesha nafasi, df -i huonyesha idadi ya faili zinazoweza kuongezwa, na ya pili inaweza kwisha kabla ya ya kwanza.

Diski inayokufa kweli inataka utaratibu tofauti. Usiendeshe kwanza fsck, amri ya kukarabati mpangilio wa faili, na kamwe usiiendeshe kwenye diski iliyounganishwa na inayotumika. Nakili kila kinachosomeka kwa programu ya ddrescue kwenda diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, halafu matengenezo yafanyike kwenye nakala. Kwa diski za SATA, zile zinazounganishwa na bodi mama kwa njia iitwayo SATA, amri ya sudo smartctl -a ikifuatwa na jina la diski hutoa jedwali la afya ya diski ambalo mistari yake mitatu hutosha kuanzia. Hesabu za mistari namba 5 na namba 197 zikipanda, uso wa diski unaharibika na kifaa kibadilishwe. Namba 199 ikipanda peke yake, data inaharibika njiani kati ya diski na bodi mama, na mara nyingi kosa ni la waya wa SATA uliolegea, jambo la kawaida kwa mashine iliyosafirishwa kwa kivuko na gari kutoka Nansio, Ukerewe. Badilisha waya, tumia kompyuta kwa siku kadhaa, kisha soma tena jedwali: hesabu ya namba 199 hairudi sifuri, kwa hiyo kinachotazamwa ni kama imeacha kupanda.