Mafuta ya hempu hayahitaji mbegu zilizokaangwa

Wengi huamini kwamba mbegu za hempu (aina ya bangi isiyolevya) zikikaangwa kwanza hutoa mafuta mengi na bora. Ni kweli joto huyafanya mafuta yawe mepesi kutiririka, ila ubora ndio unaoumia. Karibu robo tatu ya mafuta haya ni asidi za mafuta za omega-6 na omega-3, ambazo hushambuliwa haraka na oksijeni zikipashwa moto. Ladha huwa chungu, na mafuta huchacha mapema.

Cha kushughulikia ni unyevu. Peta mbegu, ondoa changarawe, zikaushe hadi unyevu wa asilimia 8 hivi. Zikiwa na majimaji, mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) hutoka laini kama tope na kubaki na mafuta ndani. Zikikauka kupita kiasi, parafujo ya mashine ya kukamulia hupata moto na mafuta hujaa unga. Zungusha parafujo polepole, na upime joto la mafuta yanapotoka: yasizidi nyuzi 50 za selsiasi. Usiruke kipimo hiki, kwa sababu msuguano peke yake unaweza kuyaharibu.

Yaache yatuame gizani siku kadhaa, kisha chuja. Rangi ya kijani ni klorofili, rangi ya asili ya mimea, si uchafu. Lakini ikipigwa na mwanga huharakisha kuchacha, kwa hiyo tumia chupa nyeusi iliyojazwa hadi shingoni.