Je, wajua? Hillary Clinton alishinda California na New York, ilikuwaje Obama ndiye akapeperusha bendera?

Tarehe 5 Februari 2008, siku iliyopewa jina la Jumanne Kuu, wafuasi wa chama cha Democratic katika majimbo zaidi ya 20 ya Marekani walipiga kura za mchujo kwa pamoja. Hillary Clinton akabeba New York, New Jersey na Massachusetts. Sisi huku Afrika Mashariki tuliokuwa tumeamka alfajiri kutegea redio sikio, kulipokucha tukasikia na California imekwenda kwake. Wengi tukaona mambo yamekwisha. Aliyeshinda jimbo lenye watu wengi kuliko yote atazuiwa na nani?

Hesabu ilipotulia, Barack Obama ndiye aliyekuwa amevuna wajumbe wengi zaidi katika kura za siku ile ile, kwa tofauti ndogo. Mwezi Juni akawa mgombea mteule wa chama.

Ufunguo wa kisa hiki ni hilo neno: wajumbe. Kura ya mchujo haimpitishi mgombea moja kwa moja. Inagawa wajumbe, na wajumbe ndio wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumpitisha. Mtanzania anayeukumbuka mkutano mkuu wa CCM pale Dodoma mwaka 2015, ambapo John Magufuli aliibuka mshindi kati ya majina matatu, anaifahamu picha yenyewe. Ila wajumbe wa Dodoma walifika wakiwa na uamuzi mikononi mwao. Kwa Democratic, wajumbe walio wengi hufika wakiwa tayari wamefungwa na kura za majimboni kwao.

Sasa tazama majimbo mawili ya usiku ule wa Februari. New Jersey walipiga kura watu zaidi ya milioni moja. Hillary akashinda, akapata wajumbe 59 na Obama 48. Ziada yake ni 11. Kule Idaho, jimbo la milima na mashamba ya viazi ambalo katika uchaguzi mkuu huenda kwa Republican karibu kila mara, walijitokeza kwenye vikao vya chama watu wasiofika 25,000. Obama akapata karibu asilimia 80 ya kura zao, na wajumbe 15 kwa 3. Ziada yake ni 12. Kwa hiyo ushindi wa New Jersey, pamoja na matangazo yote ya televisheni na watu wake milioni, ulifutwa na vikao vya usiku mmoja katika jimbo ambalo wengi wetu tusingeweza kulionyesha kwenye ramani. Kwangu mimi hapa ndipo mchujo wote wa 2008 ulipo, na bado husisimka nikiziangalia namba hizi.

Sababu ni kanuni ya uwiano. Katika Democratic, mgombea akifikisha asilimia 15 ya kura anapata fungu lake la wajumbe. Hakuna jimbo ambapo kanuni humpa mshindi wajumbe wote kwa kushinda tu. Ukishinda kwa asilimia 51, mpinzani wako anaondoka na karibu nusu ya mali. Faida kubwa inatoka pale unapomwacha mwenzako mbali, kama Idaho.

Ili kuona kanuni inavyobadilisha mambo, nenda Missouri, usiku ule ule. Upande wa Republican, John McCain alipata asilimia 33 hivi ya kura, Mike Huckabee akimfuata kwa pengo la asilimia moja na ushei. Kanuni za Republican pale zilisema mshindi achukue vyote, basi McCain akaondoka na wajumbe wote 58. Upande wa Democratic, Obama naye alimshinda Hillary kwa asilimia moja na ushei. Wakagawana wajumbe 36 kwa 36. Jimbo moja, usiku mmoja, pengo karibu sawa, na matokeo mbali kabisa. Ndiyo maana McCain alimaliza kazi yake tarehe 4 Machi, huku Democratic wakivutana hadi Juni.

Kuna hesabu nyingine iliyojificha ndani zaidi. Wajumbe wengi hugawanywa wilaya kwa wilaya. Chukua wilaya yenye wajumbe wanne na wagombea wawili. Ukipata asilimia 60, ushindi mnono kwa siasa za popote, bado mnagawana wawili kwa wawili. Lazima uvuke asilimia 62.5 ndipo upate wa tatu. Lakini katika wilaya yenye wajumbe watatu, kuzidi nusu kwa kura chache tu kunakupa wawili kwa mmoja. Anayeijua hesabu hii hatumii shilingi yake mahali ambapo pambano limekwisha kuwa sare kabla ya kura kupigwa. Timu ya Obama, chini ya meneja wa kampeni David Plouffe, iliijua. Baada ya Jumanne Kuu, jedwali la makadirio yao lilifika mikononi mwa waandishi wa habari kwa bahati mbaya, likionyesha walivyotarajia kila jimbo lililobaki liende. Miezi iliyofuata ilionyesha kuwa walikuwa karibu sana na ukweli.

Kambi ya Hillary ilikuwa imetegemea pambano liishe Februari 5. Mwenyewe alilisema hilo hadharani mwishoni mwa 2007. Halikuisha. Zikafuata Louisiana, Nebraska, Washington, Maine, Virginia, Maryland, Wisconsin, Hawaii, na zote akazichukua Obama, nyingine kwa pengo kubwa. Hillary alipoamka na kushinda Ohio mwezi Machi, kisha Pennsylvania mwezi Aprili, vyombo vya habari vilisema upepo umegeuka. Lakini uwiano ule ule uliomwokoa Obama California sasa ulimzuia Hillary kulipunguza pengo. Texas ndiko kulikostaajabisha zaidi. Huko walipiga kura mchana, halafu usiku wakarudi kwenye vikao vya chama kwa ajili ya fungu la pili la wajumbe. Hillary alishinda kura za mchana, Obama akashinda vikao, na jumla ikawa wajumbe 99 kwa Obama na 94 kwa Hillary.

Vikao hivyo vinastahili kuelezwa, kwa sababu ndivyo vilivyofungua pazia la 2008. Katika jimbo la Iowa, tarehe 3 Januari, watu walikusanyika usiku wa baridi kali katika shule, makanisa na kumbi za mitaa. Kwa Democratic hapakuwa na karatasi ya siri. Unasimama kona ya mgombea wako, majirani wanakuona, mnahesabiwa vichwa. Kundi lisilofika kiwango kilichowekwa, kwa kawaida asilimia 15, linavunjika, na watu wake wanabembelezwa na makundi mengine: njoo kwetu, mama, njoo. Utaratibu huo unampendelea mwenye wafuasi wanaokubali kupoteza jioni nzima kwa ajili yake, na unamwacha nje muuguzi wa zamu ya usiku. Obama alipata karibu asilimia 38, Hillary akawa wa tatu nyuma kidogo ya mgombea mwingine, John Edwards.

Usiku huo kwetu ulikuwa alfajiri ya tarehe 4, na Kenya ilikuwa inaungua. Uchaguzi wa 27 Desemba ulikuwa umeishia kwenye matokeo yanayopingwa, matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, watu wanauawa. Obama mwenyewe, akiwa katikati ya kampeni, alirekodi ujumbe kupitia Sauti ya Amerika akiwasihi Wakenya watulie. Sijawahi kuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Mtoto wa mwanamume wa Kogelo anahesabiwa kura kichwa kwa kichwa, mbele ya macho ya watu, wiki ile ile ambayo nyumbani kwa baba yake hakuna aliyeamini hesabu ya mwenzake.

Na ile kanuni ya uwiano haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1988 Jesse Jackson, mgombea mweusi katika mchujo wa Democratic, alilalamika kwamba wajumbe aliopata hawakulingana na kura zake. Aliposhindwa na Michael Dukakis hakuondoka mikono mitupu: alidai kanuni zibadilishwe, na chama kikakubali kugawa wajumbe kwa uwiano kila mahali. Miaka 20 baadaye Obama akapita katika mlango huo. Jackson anastahili kutajwa kila kisa hiki kinaposimuliwa, na mara nyingi hatajwi.

Obama hakufika kwa wajumbe wa kura peke yao. Palikuwa pia na mamia ya viongozi wa chama, wabunge, maseneta na magavana, waliokuwa huru kumuunga mkono wanayemtaka. Mwanzoni wengi walikuwa wa Hillary. Kadiri miezi ilivyokwenda waliona hesabu na wakahama. Michigan na Florida nazo, zilizoadhibiwa kwa kuharakisha mchujo wao kinyume cha ratiba, zilirudishiwa nusu ya nguvu ya kura zao mwisho wa Mei. Tarehe 3 Juni, siku ya mchujo wa Montana na South Dakota, Obama akavuka 2,118, idadi iliyohitajika. Siku nne baadaye Hillary akatangaza kumuunga mkono.

Mwezi Agosti mkutano mkuu ulikaa Denver. Majimbo yakaanza kuitwa moja moja kutaja wajumbe wao. Ilipofika zamu ya New York, Hillary mwenyewe alisimama katikati ya wajumbe wa jimbo lake, akaomba hesabu isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti moja. Ukumbi ukalipuka kwa kelele za ndiyo.